Ukuta wa mati unang'aa mabaka kila ukifuta michoro ya watoto: kosa la rangi, la fundi au la sponji?

#1 Sebule Kuu
Salaam wakuu. Naingia moja kwa moja.

Korido na sebule, kimo cha ukuta mita 2.7. Rangi ya maji ya mati, ile isiyong'aa kabisa, nyeupe iliyotiwa ukijivu, mikono miwili (imepakwa mara mbili) juu ya skimu mpya, ule mchanganyiko laini wa kusawazisha ukuta. Watoto wawili, miaka 2 na 4. Michoro ya kreyoni ikifutwa inatoka, lakini panabaki baka linalong'aa, ukubwa wa kiganja. Ukisimama mbele ya ukuta hulioni. Ukitazama kwa pembeni, upande wa dirisha, utadhani konokono amepita.

Maswali mawili: mng'ao unatoka wapi, na je, inawezekana kubaki na sura ya mati bila kuwahamishia watoto kwa bibi yao?

#2 Ngoja Waje
Nipo nimekaa pale. Weka picha, mkuu.

#3 Msasa 120
Hilo linajulikana. Mati ina unga mwingi (chaki, silika) na gundi kidogo ukilinganisha na silki, ile rangi yenye mng'ao laini. Uso wake ukiukuza ni vilima na mabonde, mwanga ukigonga unatawanyika, ndiyo maana hung'amui mng'ao. Ukisugua, unalaza vilima. Palipolala panarudisha mwanga kwa upande mmoja, basi panang'aa. Hapo hakuna uchafu uliobaki. Ukiendelea kufuta unapanua baka tu.

Safari ijayo tafuta kwenye kopo daraja la kusuguliwa. ISO 11998, kipimo cha kimataifa, inasugua rangi ikiwa na maji mara 200. Ikipoteza chini ya maikroni 5 ni daraja la 1, kati ya 5 na 20 ni daraja la 2. Siku hizi zipo mati za daraja la 1.

#4 Fundi Rola
Msasa kasema nusu. Swali kwa mwenye uzi: mlifuta mara ya kwanza siku ya ngapi tangu mkono wa mwisho? Rangi ya maji ikikauka kidoleni baada ya saa moja au mbili haina maana imekomaa. Maji yakishatoka, chembe za gundi zinaendelea kushikana kwa wiki 2 hadi 4, zaidi kama hewa ni nzito au chumba hakipitishi hewa. Ukisugua kabla ya hapo hata silki inaharibika.

#5 Sebule Kuu
Siku ya 9. Sponji jeupe la melamini, maji na tone la sabuni ya vyombo.

#6 Bi Kitambaa
Hahaha, kumbe umekuja kuuliza wakati jibu unalo mkononi. Sponji la melamini si sponji, ni msasa laini uliovaa sura ya sponji. Linafuta kwa kukwangua. Kwenye kigae sawa, kwenye mlango wa rangi ya mafuta utaona mng'ao unafifia, kwenye mati utaona unaongezeka. Kitu kilekile, matokeo mawili tofauti.

Kreyoni kwenye rangi ya maji: kitambaa cha mikrofaiba, maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, unagusa na kuinua, unageuza upande safi kila mara. Isipotoka, bekingi soda iliyolowa kidogo kwenye ncha ya kitambaa, tena polepole, kwa kuwa nayo inakwangua kidogo. Baadaye suuza kwa maji matupu. Sabuni iliyoachwa ukutani inakauka utando, na utando nao unang'aa.

#7 Mzee wa Skimu
Mnalaumu sponji na watoto bure. Mimi natazama kilicho chini. Skimu mpya isiyopigwa praima (rangi ya kwanza ya kuandaa ukuta) inanyonya gundi ya rangi kama kitambaa kikavu, juu unabaki unga. Halafu kuna fundi wa kuongeza maji ndooni ili kopo lifike chumba cha pili. Mkono wa kwanza kwenye skimu mbichi kuongeza maji ni sawa kabisa, rangi iingie ndani. Mkono wa kumalizia ni asilimia 5 hadi 10, kama kopo linaruhusu. Wengine wanatia theluthi nzima!

Jipime: chukua kitambaa cheusi kilicholowa, sugua mahali ambapo mtoto hafiki, mara kumi. Kikitoka cheupe, rangi yako haina gundi ya kutosha na hakuna sponji duniani itakayokuokoa.

#8 Msasa 120
Mzee, ukuta ulionyonya bila mpangilio ungeonyesha mabaka tangu siku ya kwanza, kabla mtoto hajashika kreyoni. Mwenye uzi anasema mabaka yapo palipofutwa tu.

#9 Mzee wa Skimu
Yangeonekana kama angetazama kwa pembeni siku ya kwanza. Nani anautazama ukuta mpya kwa pembeni? Watu wanasimama katikati ya chumba wanapiga makofi.

#10 Nusu Lita
Marekebisho kwa #3, si ubishi. ISO 11998 ni njia ya kupima. Madaraja 1 hadi 5 yanatoka EN 13300, kiwango cha Ulaya. Kubwa zaidi: kipimo kile kinahesabu unene uliopotea, hakihesabu mng'ao ulioongezeka. Rangi inaweza kuwa daraja la 1, isipoteze kitu, na bado ikang'aa ukiisugua. Anayenunua kwa namba ya daraja peke yake atarudi hapa na uzi uleule.

#11 Msasa 120
Hapo umenishika. Nakubali.

#12 Mlango wa Nyuma
Naleta mtuhumiwa mwingine: nta yenyewe. Kreyoni ni nta ya parafini na rangi. Ukisugua kwa maji ya uvuguvugu, rangi inaondoka, nta inasambaa kuwa utando mwembamba usioonekana kwa mbele. Huo ndio ute wa konokono wa #1.

Kabla hamjafukuza fundi fanyeni hivi. Tia tone la maji kwenye baka na tone jingine pembeni pasipoguswa. Tone la pembeni likitandaa na la kwenye baka likabaki duara kama ushanga, kuna nta pale. Yote mawili yakitandaa sawa, ni vilima vya Msasa vilivyolala. Na msipake rangi mpya juu ya nta, rangi ya maji haitashika, na kreyoni nyekundu au ya zambarau itapenya mikono miwili na kuwachungulia. Iondoeni kwanza, kisha praima ya kuziba madoa, ile ya shelaki, ndipo rangi.

#13 Sebule Kuu
Nimejaribu mabaka matatu. Mawili tone limekaa ushanga. La tatu limenywewa sawa na pembeni. Kitambaa cheusi cha Mzee kimetoka na weupe kidogo, si mwingi.

#14 Ngoja Waje
Kwa hiyo wote mmeshinda 😂

#15 Fundi Rola
"Weupe kidogo" kwenye mati ni kawaida, Mzee asianze kusherehekea. Na siku ya 9 bado ni siku ya 9.

#16 Pazia Refu
Tuache upelelezi, tujibu swali la pili. Mchoro wa mtoto wa miaka 2 hadi 5 kwa kawaida hauvuki mita 1.1, labda apande kiti. Kwa nini ukuta wote uwe na rangi moja? Gawa. Chini weka rangi ngumu ya nusu-mng'ao, juu acha mati yako. Inaonekana ya makusudi na ya kisasa, na chini unasugua unavyotaka.

Kwa kimo cha 2.7 usikate katikati, chumba kitaonekana kimevaa suruali. Theluthi ya chini, sentimita 90, au panda hadi 110 kama viti vinagusa ukuta. Chini iwe rangi ya kati: kijani cha majani makavu, udongo, samawati ya vumbi. Nyeusi inaonyesha vumbi na mikwaruzo sawasawa na nyeupe inavyoonyesha vidole.

Mstari ndio unaotenganisha kazi nzuri na mbaya:
– Piga mstari kwa leza au pimamaji. Usipime kutoka sakafuni, sakafu nyingi zimeinama.
– Bandika tepu ya rangi, kandamiza ukingo kwa ukucha.
– Paka ukingo wa tepu kwa rangi ya JUU kwanza. Itakayopenya itakuwa rangi ileile ya juu, na itaziba mwanya. Subiri ikauke.
– Paka rangi ya chini, mikono miwili.
– Ng'oa tepu mkono wa mwisho ukiwa bado mbichi, kwa pembe ya digrii 45, taratibu. Ukisubiri ikauke, inachanika na kuondoka na vipande.

Kwa korido ya mita 6, pande mbili: 12 × 0.9 = mita za mraba 10.8, mikono miwili 21.6. Lita moja inafunika mita za mraba 10 hadi 12. Lita 2 zinatosha, kama lita moja inafika 11.

#17 Nusu Lita
Milango hujaitoa. Miwili ya upana wa 0.9 ni 1.62, inabaki 9.18, mikono miwili 18.4. Lita 2 bado zinatosha, ila nunua kopo la 2.5. Inayobaki ni ya viraka, na kopo jingine la rangi ileile likichanganywa siku nyingine linaweza kutofautiana kidogo.

#18 Pazia Refu
Sawa, karani wetu.

#19 Kopo la Akiba
Mimi niko upande wa pili kabisa. Mati ya kawaida ndiyo rafiki wa mwenye watoto, na mnaikimbia kwa sababu isiyo yake. Usiifute, iwekee kiraka. Mati iliyochakaa unapaka palipoharibika tu kwa rola ndogo ya nyuzi fupi, rola karibu kavu, unafifisha kingo, na ikikauka hupaoni. Jaribu kufanya hivyo kwenye silki: kiraka kitaonekana hadi mtoto aoe, itabidi upake ukuta mzima kutoka kona hadi kona.

Hifadhi rangi kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko mzuri, ijaze hadi juu hewa isibaki, andika jina la rangi, namba ya mchanganyiko, chumba na tarehe. Itikise kabla ya kutumia. Dakika kumi kila baada ya miezi mitatu, umemaliza.

#20 Mzee wa Skimu
Nakazia #19. Na silki inaanika kila kosa la ukuta. Plasta yenye mawimbi ukiipiga silki karibu na dirisha, kila wimbi unalihesabu. Mati inasitiri.

#21 Bi Kitambaa
Kiraka hakitaonekana wiki ya kwanza. Baada ya miaka miwili ya jua, ukuta umeshabadilika rangi na rangi ya chupani haijabadilika. Utapaka kiraka cheupe kwenye ukuta wa krimu.

#22 Kopo la Akiba
Nyeupe yenye ukijivu haibadiliki kwa kasi hiyo. Njano na nyekundu, sawa.

#23 Mlango wa Nyuma
Angalizo kabla watu hawajakimbilia msasa: nyumba ya zamani, usipige msasa mkavu kwenye rangi za zamani bila kujua ni za nini. Rangi za risasi zilitumika sana. Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978, na kuna nchi zilichelewa sana. Vumbi lake linatua sakafuni, na mtoto anayetambaa anaweka mikono mdomoni. Kama kuna shaka, pima kwanza. Kama ipo na imeshika vizuri, ifunike. Ukilazimika kukwangua, lowesha, watoto wasiwe humo ndani, na kufagia marufuku, ni kufuta kwa kitambaa kilicholowa.

#24 Mpya Humu
Samahani kuchepusha uzi. Ukuta nimeelewa. Sofa je? Naambiwa nichukue ya kijivu kilichokolea ili madoa yasionekane.

#25 Bi Kitambaa
Sasa umenigusa. Rangi ni jambo la tatu. La kwanza ni foronya zenye zipu zinazofulika mashineni. Uliza jambo moja tu: zinafuliwa, au zipu ni ya kushonea tu? Sofa nyingi zina zipu ambayo kiwanda kiliitumia kuingizia sponji, na ukifua kitambaa, mpira uliopakwa nyuma yake unapasuka. Ukishona mwenyewe kwa pamba, fua na kukausha kitambaa KABLA ya kukata, maana kinaweza kurudi asilimia 3 hadi 5. Kwenye foronya ya sentimita 70 hiyo ni hadi sentimita 3.5, zipu haifungi tena.

La pili ni msuguano. Uliza namba ya Martindale, yaani kitambaa kinastahimili kusuguliwa mara ngapi. Kwa sebule yenye watoto anzia 25,000 hadi 30,000. Namba ya laki moja kwenye kibandiko isikupumbaze, haisemi chochote kuhusu madoa, jua wala nyuzi kuvutwa na zipu ya suruali.

Ndipo rangi. Moja tupu, nyeusi au nyeupe, ni adhabu. Kitambaa chenye nyuzi za rangi mbili tatu zilizochanganyika kinasitiri kuliko kijivu chochote.

#26 Msasa 120
Velveti?

#27 Bi Kitambaa
Ya poliesta, ndiyo. Haina vitanzi vya kunasa kucha na vitu vingi vinafutika. Ya viskosi (nyuzi zinazotengenezwa kutokana na miti), hapana. Maji matupu yanailaza na inabaki na alama. Vivyo hivyo zulia: viskosi inayouzwa kwa jina la "hariri ya mimea" inapendeza dukani, siku ya mkojo wa kwanza inageuka njano na ngumu. Sufu au polipropilini, manyoya mafupi. Chini weka mkeka wa mpira unaozuia kuteleza, mdogo kuliko zulia kwa sentimita 2 au 3 kila upande, kingo zilale.

#28 Ngoja Waje
Mkojo: siki na bekingi soda pamoja, inachemka povu, doa kwisha.

#29 Nusu Lita
Povu ni kaboni dioksidi tu. Asidi na alkali vikikutana vinauana, unabaki na maji yenye chumvi ya asetati. Unafurahia sauti. Tumia kimoja. Kwa mkojo kwenye zulia: kandamiza kwa taulo kavu hadi lisitoe kitu, maji baridi, kandamiza tena, halafu dawa yenye vimeng'enya, iache ilowe kwa muda ulioandikwa. Wengi wanaipuliza na kuifuta papo hapo, haijafanya kazi. Mvuke wa moto usitumie, joto linagandisha harufu kwenye nyuzi.

#30 Kabati Kuu
Mmezungumzia madoa yote, hakuna aliyetaja kitu kinachoua. Kabati la droo na rafu ndefu zifungwe ukutani. Zote.

#31 Mpya Humu
La kwangu ni la mbao nzima, wanaume wawili hawaliinui. Nalo?

#32 Kabati Kuu
Hilo hasa, kwa sababu likianguka halimwachi mtu. Uzito hauzuii kuanguka kama ulivyodhani. Droo tatu zikifunguliwa, uzito unasogea mbele ya miguu ya kabati. Mtoto anazigeuza ngazi. Kipimo cha Marekani, ASTM F2057-23, kinalijaribu kabati la kuanzia inchi 27 (sentimita 69) kwenda juu kwa mzigo unaoiga mtoto wa hadi pauni 60, yaani kilo 27, pia kwa droo zilizofunguliwa na kujazwa, na kwa sakafu ya zulia. Zulia linaliinamisha mbele. Wanaopenda kabati likanyage zulia nusu kwa ajili ya muonekano, mmesikia.

Ukuta wa tofali: drili ya 8 mm, kina sentimita 6, toa vumbi ndani ya tundu (vumbi likibaki plagi, kile kigingi cha plastiki cha kushika skrubu, inazunguka), plagi ya 8, skrubu ya 5 × 60. Ukuta wa bodi: tafuta fito ya ndani, kwa kawaida ziko kila sentimita 40 au 60. Plagi ya bodi tupu usiiamini kwa kazi hii. Upande wa kabati funga kwenye fremu ngumu, si ubao mwembamba wa mgongoni. Kona za chuma, si vile vikamba vya plastiki, vinakauka na kukatika. Vizito droo za chini. Na juu ya kabati usiweke kitu anachokipenda, wala rimoti.

Skatingi (ubao wa chini ya ukuta) ikilisukuma kabati mbele, kata pembe ya miguu ya nyuma au weka ubao wa kujaza mwanya juu. Usiache kona ikining'inia hewani.

#33 Pazia Refu
Na vitanzi vya kamba za pazia. Kishikio cha kamba kikae mita 1.5 au zaidi kutoka sakafuni, na kitanda au sofa visiwe chini ya dirisha. Bora zaidi ni pazia lisilo na kamba, ndilo linalopendeza pia.

#34 Mlango wa Nyuma
Ongeza mishumaa ya bandia ya kupamba rafu. Ndani ina betri za kitufe, na nyingi kifuniko chake kinafunguka kwa ukucha. Ya milimita 20 ikikwama kooni inachoma nyama kwa saa mbili tu, hata ikiwa "imekwisha". Chagua zenye kifuniko cha skrubu. Ukidhani kamemeza, ni hospitali muda huohuo, usisubiri choo.

#35 Ngoja Waje
Uzi wa rangi umefika hospitali. Meza ya kioo nayo itupwe?

#36 Kabati Kuu
Kama ni kioo cha kawaida, ndiyo. Kilichokazwa kwa joto kikivunjika kinakuwa punje butu, alama yake huchapwa kwenye kona. Mimi ningeweka stuli kubwa ya kitambaa na sinia la mbao juu. Kona hakuna, na inaficha midoli ikiwa na kifuniko. Bawaba ziwe zile zinazosimamisha kifuniko popote ukikiachia, na kuwe na matundu ya hewa.

#37 Kopo la Akiba
Midoli ndiyo inayoharibu muonekano kuliko ukuta wowote. Theluthi moja nje, iliyobaki kabatini, badilisha kila wiki mbili. Vikapu vya rangi moja kwenye rafu ya chini, kina cha rafu sentimita 30 hadi 35. Ikizidi, vitu vinapotelea nyuma na mtoto anamwaga kikapu kizima kutafuta kimoja. Picha ya kilichomo mbele ya kikapu, maana kusoma hajui.

#38 Sebule Kuu
Shukrani wote. Nimefuta baka moja la ushanga kwa turpentaini mbadala kidogo kwenye kitambaa, madirisha wazi, watoto nje. Mng'ao umepungua, haujaisha. Mengine sijayagusa. Nasubiri wiki tatu zipite nipime tena, kisha nigawe kwa sentimita 90.

#39 Mlango wa Nyuma
Umepungua. Nta.

#40 Msasa 120
Haujaisha. Vilima.

#41 Mzee wa Skimu
Ulimuuliza fundi alitia maji kiasi gani?

#42 Sebule Kuu
Nimemuuliza. Amesema "ya kawaida".

#43 Mzee wa Skimu
😂😂😂